Blanketi Lenye Mipasuo Saba

Ukinikuta sokoni Tunduma, usione haya kunitazama mkono wa kushoto. Wote wanautazama. Una vidole vitatu. Kuna wanaosema nilikatwa na mashine ya kusaga, na kuna wanaosema mume alinikata kwa wivu, wakati mume wangu, maskini, mpaka anaingia kaburini alikuwa anaogopa kuchinja kuku. Leo nasema mwenyewe. Sikuota, sikuwa nimekunywa, na ningekuwa natunga ningejitunga nikiwa mtu mwema kuliko nilivyokuwa.

Kazi yangu ilikuwa kushona mablanketi ya viraka. Unakata vipande vya nguo, unaviunga, chini unatanguliza blanketi kuukuu, kisha unavishona pamoja. Mitumba ilipofurika na mpaka ukachangamka, vitambaa vikawa vya kumwaga. Nilivuka Nakonde kufuata vitenge, nikigombana na Wazambia kwa Kibemba changu cha kuokoteza. Nilikwenda Mkwajuni kutafuta makoti ya wachimba dhahabu, kile kitambaa kigumu kisichoisha. Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni viraka vya zamani, vile vilivyoshonwa kwa mkono na akina mama wa milimani. Hivyo nilivifuata Ileje, na mabeseni. Unanipa nguo yako kuukuu, nakupa beseni jipya, tunaagana. Enzi hizo Songwe yote ilikuwa bado ni Mkoa wa Mbeya, na barabara ya kupanda kule ilikuwa ya kung'oa meno.

Mwaka ninaousema, mdogo wangu Tusekile alikuwa amechumbiwa. Mama alitufia Tuse akiwa bado mdogo, kwa hiyo nilimlea mimi, na furaha yote ya kumwoza ilikuwa yangu. Mchumba wake, Edson, alikuwa na mashine ya kusaga pale Mpemba. Mtu wa shati lililonyooshwa na salamu nyingi. Asili yake ni Mbebe, huko huko Ileje. Hakuficha kwamba aliwahi kuoa kwao. Alisema mke alimkimbia, akavuka mto Songwe akaingia Malawi na mwanamume mwingine. Tulimwonea huruma, na mimi nilimwonea huruma kuliko wote.

Wiki tatu kabla ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, Tuse alikuja kwangu jicho limevimba. Akasema amegonga mlango. Nikamtazama, naye akatazama chini. Unadhani sikujua? Nilijua! Lakini kadi zilikuwa zimeshagawiwa, turubai limeshawekewa oda, mbuzi wa ndafu, wa kubanikwa mzima, ameshafungwa kambani. Nikamwambia, "Uwe unaangalia unapopita, mdogo wangu," nikampaka mafuta, nikarudi kwenye cherehani. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko vidole.

Siku chache baadaye nikapanda Mbebe na pikapu ya Baba Zuhura, mfanyabiashara wa Singida aliyekuwa ananipa lifti mara kwa mara. Watu husema mambo haya ni ya usiku. Uongo mtupu. Ilikuwa saa nane mchana, ukungu umeshuka mpaka ng'ombe anatoka mbele ya gari ndipo unajua kumbe kuna ng'ombe. Tukapata pancha. Baba Zuhura akawa anahangaika na jeki, mimi nimesimama kando na mabeseni yangu, ndipo akatoka mwanamke kwenye mahindi, amebeba kitu kifuani.

Akatusalimu kwa Kindali, lugha ya kule, Baba Zuhura akaitikia. Yaani naye alimwona, usije ukasema ni mimi peke yangu. Alikuwa mwembamba, umri kama wangu, amebana ubavu wa kushoto kwa kiwiko kama mtu mwenye kichomi. Akakunjua alichobeba.

Jamani! Nilishika blanketi la viraka ambalo mfano wake sikuwahi kuuona na sitauona tena. Vipande vidogo kuliko kiganja cha mtoto, vyekundu katikati, kisha vya njano, na pindo lote la suruali ya kaki. Kwenye kona moja alikuwa ameacha mfuko mzima wa ile suruali, na kifungo chake cha shaba. Mishono yote ni ya mkono. Nilitamani kulia.

Sasa nikwambie siri ya kazi yetu. Tundu la nguo linajieleza lenyewe. La nondo ni duara. La panya lina nyuzi zilizotafunwa. Mwiba unachana kwa kona. Nguo iliyooza inaachia uzi mmoja mmoja. Lile blanketi lilikuwa na mipasuo saba, yote imenyooka, yote imepenya juu mpaka chini. Kisu hicho. Niliona palepale, na palepale nikajitia sikuona, kwa sababu kichwani mwangu nilishaliona limetandikwa kwenye kitanda cha Tuse.

Nikampa beseni, akatikisa kichwa. Nikampa mawili na sufuria juu yake. Akasema taratibu, "Sitaki vyombo. Hili ni la mdogo wako?" Nikaitikia kwa furaha, ndiyo mama, anaolewa. Sikujiuliza nani alimwambia kwamba nina mdogo. Akanishika mkono wa kushoto, akatenga vidole viwili, cha pete na cha mwisho.

"Basi nitachukua hivi."

Nikacheka. Nikamwambia, "Chukua mama, ila kimoja kivalishe pete kwanza." Mimi na mdomo wangu! Akaminya. Aliviminya vile vidole mpaka nikasikia mifupa inalia. Nilipiga yowe, nikamzaba kibao kwa nguvu zangu zote, na mimi mkono wangu ulikuwa unajulikana soko zima. Kibao kilitua kwenye shavu la baridi, lenye unyevu, kama nimepiga udongo wa mfinyanzi. Hakutikisika hata kidogo. Akaniachia alipotaka mwenyewe, akaniwekea blanketi mikononi, akasema, "Tumekubaliana."

Alipogeuka, kiwiko kikaachia ubavu. Kitenge kilikuwa kimechanika pale, na chini ya kitenge na yeye mwenyewe alikuwa amechanika, wazi, bila tone la damu, kama gunia lililokatwa. Nilisikia jeki ya Baba Zuhura ikianguka. Ukungu ukamfunika. Baba Zuhura alifunga tairi, akageuza gari, akaendesha mpaka Mpemba, na tangu siku ile hakunipa lifti tena. Nilipomfuata kumuuliza, alisema, "Dada, niache kabisa."

Utaniuliza kwa nini sikulitupa. Nililitaka! Nilijidanganya kwamba yule ni mgonjwa aliyekatwa na panga la shamba, kwamba ukungu umenichezea macho. Mtu akishapenda kitu, atajidanganya mpaka asubuhi.

Nyumbani nikafumua pindo. Ndani mlikuwa na blanketi jingine la zamani, limekakamaa, na kila mshono umejaa udongo mwekundu wenye ubichi, udongo wa chini, si wa sakafuni. Nikaloweka na sabuni. Maji yakawa mekundu. Nikabadilisha, mekundu. Ya tatu vilevile. Mwanamke gani hajawahi kufua damu? Nilijua ninachofua. Nikaenda kumwaga nyuma ya choo kabla majirani hawajaona.

Kisha nikaanza kuziba. Nilitumia mabaki ya kitenge cha sare yetu ya sendofu, bluu yenye maua ya njano. Lile blanketi lilipigana nami. Kiraka cha kwanza, sindano ya cherehani ilikatika ikaruka karibu na jicho. Cha pili, ikanitoboa dole gumba ikatokea upande wa kucha. Cha nne, mkasi ulinigeukia ukanichana kiganja. Niliutupa ukutani, nikalitukana lile blanketi matusi ya sokoni, nikalipiga mateke pale chini kama napigana na mtu, kisha nikaliokota nikaendelea. Nilipomaliza cha saba mkono ulikuwa umevimba, lakini blanketi lilikuwa zima na zuri, na nikajisifu.

Sendofu ilifanyika Jumamosi mchana, uani kwetu, chini ya turubai. Wanawake wote wa kamati tulipaka kucha rangi nyekundu. Edson alikaa mbele na Tuse, anatabasamu. Mbele yao meza, juu ya meza ndafu, ubavuni mwa ndafu kisu. Ukafika wakati wa zawadi. Nikaitwa mimi dada mtu, nikalikunjua blanketi mbele ya maharusi, vigelegele vikapanda. MC akamsogezea Edson kipaza sauti ashukuru.

Edson alikuwa anatazama kona yenye mfuko. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Akasema, "Nani amelifukua?"

Watu wakadhani ni utani, wengine wakacheka. Akapaza sauti, na kipaza sauti kiko pale pale mdomoni mwake, uwanja mzima unasikia: "Nililifukia mwenyewe! Nililifukia naye!" Kisha akamgeukia Tuse. Akamtazama mdogo wangu usoni, akaita, "Ester!" Ester ndiye yule mke aliyesema alimkimbia akaingia Malawi. Akachukua kisu cha ndafu.

Sikufikiri chochote. Nilimrushia Tuse blanketi lote, nikamwangukia juu ya miguu, mkono wangu wa kushoto umeshika pindo. Akachoma. Nasema akachoma, na namsikia mpaka leo, ile sauti ya kitambaa kikiachia, moja, mbili, tatu, huku anamtukana Ester kwa pumzi ya mbio, nami nimefumba macho napiga kelele, na chini yangu Tuse anapiga kelele. Saba. Kisha vijana wakamfikia. Walimpiga kwa viti, wakampiga kwa mawe ya mafiga, wakampiga kwa ule mti wa ndafu mpaka ukavunjika. Meno yake yalibaki kwenye zulia. Polisi ndio walimwokoa, na mimi nikiwa pale chini nilitamani wachelewe.

Nikalifunua blanketi, najua nitakuta vipande vya mdogo wangu. Tuse alikuwa mzima. Hana hata mkwaruzo, gauni lake halijatoboka hata kidogo. Na blanketi? Kila kiraka changu kimepasuliwa katikati, vyote saba, palepale pa zamani. Kwingine kote hakuna hata uzi uliokatika. Niambie wewe, mtu mwenye wazimu anachomaje kwa vipimo?

Ndipo shangazi mmoja akapiga yowe, ananionyesha mkono wangu. Cha pete na cha mwisho havikuwepo. Watu walivitafuta chini ya meza, kwenye masufuria ya wali, wakawafukuza mbwa wa mtaa mzima. Havikuonekana.

Siku ya nne polisi walimpeleka Edson Mbebe akaonyeshe. Nilikwenda, mkono umefungwa bendeji. Ilikuwa nyuma ya nyumba aliyoihama, na juu ya pale mahali palikuwa na mti wa kahawa uliokwisha kukua hadi kuzaa. Hapakuwa pameguswa miaka, mizizi ilikuwa imeshonana, ilibidi ikatwe kwa shoka. Wakachimba mpaka kiunoni. Ester alikuwa amelalia ubavu, mifupa mitupu, hana cha kujifunika. Mkono wake mmoja umefumbwa. Askari alipoufumbua, mchimbaji mmoja alitupa jembe akakimbia hakurudi. Mle ndani vilikuwamo vidole viwili, vibichi, kucha zimepakwa rangi nyekundu.

Askari akaniuliza kama navitambua. Nikasema ndiyo, ni vyangu. Akaniuliza kama nitavichukua. Nikasema hapana, viacheni, alivinunua.

Tulimzika upya na vidole vyake viwili, na nikamfunika kwa blanketi zuri kuliko yote niliyokuwa nayo dukani. Lile lake nilitaka kumrudishia, Tuse akakatalia mbali. Siku hizi Tuse analima kahawa huko Mbozi, na ndilo analolalia, mipasuo yake yote iko wazi. Niliwahi kushika sindano nikamwambia niliwekee viraka. Alininyang'anya sindano, akasema, "Dada, usiguse." Edson yuko gerezani, sijawahi kuuliza hali yake. Na mimi, ukungu ukishuka mchana, vile vidole ambavyo sinavyo vinaminywa. Naacha kazi, nakaa chini, nasubiri aniachie.

Sasa nisikilize wewe unayependa vitu vya zamani. Ukipata nguo nzuri yenye mpasuo ulionyooka, usikimbilie sindano. Uliza kwanza nani alikuwa amejifunika. Na mdogo wako akija na jicho limevimba akakwambia amegonga mlango, vaa viatu, uende naye ukautazame huo mlango.