Esigani Aliyetumwa Uarabuni

Wananchi wa Nyaramba, wachuma chai, wauza ndizi, mashemasi na wanaowakwepa mashemasi, mnatangaziwa rasmi kwamba kijiji chenu kimejaliwa mtaalamu wa Lugha ya Kiarabu na Utamaduni wake, mwenye shahada, joho, na picha ya joho ukutani. Ni Loice, binti wa Mzee Momanyi. Ni mmoja tu. Hakuna wa akiba.

Hakuomba Kiarabu. Aliomba uuguzi. Kompyuta ya serikali inayogawa watoto vyuoni ikampa Kiarabu, na kompyuta haina mlango wa kubisha. Momanyi, mzee wa kanisa la Wasabato, alijifungia na Biblia asubuhi nzima, akatoka na jibu: "Hata Danieli alifundishwa lugha ya Wakaldayo. Enda."

Akaenda. Wenzake darasani walitoka Garissa na Lamu, herufi zile walizijua tangu madrasa. Walimpenda, walimcheka, na walipopiga soga zao yeye alibaki nyuma akisubiri kitenzi. Siku aliyoanza kuzielewa soga zote, wakahitimu, wakatawanyika.

Sasa anachuma chai ya baba yake. Ukipita njia ya juu asubuhi utamsikia huko katikati ya michai akiuliza hali kwa Kiarabu, kisha ananyamaza kidogo, kwa adabu, kumpa mwenzake nafasi ya kujibu. Mwenzake ni mchai. Vijana wa bodaboda wakimwona humwita Sheikha na kumuuliza kama amesilimu.

"Hapana," husema. "Nilisoma."

Kuna siku alishuka mpaka Kisii mjini, akaingia duka moja karibu na msikiti, akamsalimia mwenye duka kwa Kiarabu kirefu, kitamu. Yule bwana mwenye kofia aliitikia salamu, halafu akakuna kichwa. "Dadangu, hapo kwingine umeniacha. Mimi ni Mkisii wa Nyacheki. Unataka sukari?"

Alinunua sukari. Kwao kulikuwa na sukari.

Basi mwaka huu Mama Orpah, jirani, akamkumbuka. Binti yake Mokeira anafanya kazi za nyumba Riyadh, anamtunza bibi kizee, na mkataba wake uliisha zamani. Kitanda chake huku kwao kimetandikwa. Kila akipiga simu mama anamuuliza atakuja lini, naye anasema anaogopa kuuliza, maana nyumba ile mwenye kauli ni huyo bibi.

"Na asiulize!" Orpah akasema. "Msichana hajiombei mwenyewe. Anatumiwa esigani."

Esigani, kwa asiyejua, ndiye mshenga wa Kigusii, anayetumwa kwa wakwe kuyasema mazito. Kwamba Riyadh hakukuwa na mkwe, wala harusi, hilo halikumsumbua Orpah hata kidogo. Binti yuko kwa watu. Kwa watu hutumwa esigani.

Jumapili mchana uani kwa Orpah tulijaa. Loice alikuja na gauni la kanisani, ingawa simu haikuwa ya kuonana. Simu ilikuwa ya Orpah, bando lilikuwa la Orpah, na maagizo pia yalikuwa ya Orpah.

"Usiingie na neno lako mbiombio kama mkusanya ushuru. Salimia kwanza."

"Hata wao ndivyo walivyo, mama," Loice akasema. "Tulifundishwa."

Mokeira akapokea, akampa bibi simu. Loice akaanza. Sauti ya kizee iliyokuwa ikiitikia ikakatika ghafla, kisha ikaangua kicheko kirefu, tukaogopa kwamba mambo yameharibika. Lakini kicheko kikageuka maneno, maneno yakajibiwa, yakarudi, yakajibiwa tena. Loice alikuwa ameinama, simu kaishika kwa mikono miwili kama kikombe cha uji, anacheka na huku machozi yanamtoka. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo, hata kwa Kigusii.

"Amekubali!" akanong'ona Nyangau, mume wa Orpah.

"Bado," Orpah akamjibu. "Wanapatana tarehe."

"Tarehe gani ndefu hivyo?"

"Nyamazeni! Mazito hayasemwi haraka."

Orpah alikuwa tayari amemtuma mtu akamfunge jogoo. Mara simu ikalia tii, ikanyamaza. Bando limeisha. Loice akaendelea kuishikilia, akasema tena neno moja la Kiarabu, akangoja, kama anavyongoja kule kwenye michai.

Orpah akapiga magoti mbele yake kwenye nyasi.

"Loice, mwanangu, amesemaje? Mokeira wangu anakuja Desemba?"

Loice akajifuta macho kwa mkono wa gauni.

"Tulikuwa bado tunasalimiana, mama."