Pedi Niliyoitibu Homa

Mimi ni fundi redio hapa Ikwiriri. Juzi Mwanaidi, binti wa jirani anayetengeneza gemu za kompyuta, aliniletea pedi yake mpya ya kuchezea, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili, nimkazie skrubu. Nilipoijaribu, ikatetemeka mkononi kama ina homa. Nikang'oa kimota cha ndani, ikatulia. Kusema haki, hakuniomba hilo.

Jana wakaja wageni kwao kuamua kama watamfadhili aimalizie gemu yake, nami nikaenda kutazama. Skrini nyeusi tii.

"Unavuka mto gizani," Mwanaidi akawaeleza. "Mamba akikaribia, mikono yako itakwambia."

Mgeni wa kwanza akaliwa. Wa pili akaliwa. Mimi sikuelewa kitu, nikadhani hawajui kucheza.

"Mjomba, mbona pedi haitetemeki?" Mwanaidi akaniuliza.

"Ilikuwa inatetemeka, mwanangu," nikajibu kwa fahari mbele ya wote. "Nimeshaitibu."

Nikatoa kimota mfukoni, nikamwonyesha.