Mama alipokagua gari la farasi

Leo mama yangu amemnyima farasi nafasi kwenye gari la farasi. Hukumuni nyie.

Tumenunua gari dogo kuukuu la kubebea farasi wa binti yetu, Zuhura. Mashindano ni kesho. Nyuma asimame farasi, mbele tulale sisi.

Asubuhi nikachora mpango kwa chaki sakafuni. Kitanda hapa, jiko pale, ndoo na hatamu chini ya kitanda. Nikajiona fundi.

Mama yuko kwetu huku ughaibuni, Ingleburn, amekuja kututembelea kutoka Tanga. Akavua viatu, akapanda, akatazama.

"Mgeni atalala wapi?"

Nikamwambia hatutarajii mgeni, Mama, hili ni gari.

"Mgeni hatarajiwi. Anakuja."

Basi nikafuta. Nikaongeza kitanda cha mgeni. Na pa kutandika mswala. Na pa sufuria la pilau, maana mgeni hapewi mkate mkavu.

Zuhura akachungulia, akauliza kwa Kiingereza chake, taratibu tu: na farasi je?

Tukaitazama ile chaki. Palipobaki pangemtosha mbuzi.

Mama akavaa viatu vyake.

"Farasi ni wa nyumbani. Atajibana."