Adabu ya Dirisha la Dereva

Mimi ni mkali, sikatai. Hata leo wajukuu wangu wakiingia ndani bila kuamkia, nawarudisha mlangoni waanze upya. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya umatroni kwenye basi la shule, miaka ile shule za watu binafsi zilipoanza kuchipuka Dodoma na kila mwenye mshahara akataka mwanawe aongee Kiingereza, niliona kazi imempata mwenyewe.

Basi lilikuwa Coaster chakavu, maandishi ya Kijapani bado yako ubavuni. Dereva alitoka Kibaigwa, ambako kwa miaka mingi alikuwa akichukua mahindi na kuyapeleka Dar es Salaam kwa lori. Mtu mnene, mpole, wa maneno machache. Mafunzo? Mafunzo gani! Mwenye shule alikaa pembeni yake, wakaenda hadi Nzuguni wakarudi, akasema, "Huyu gari analijua. Kesho aanze." Na mimi nikaanza hivyo hivyo. Hakuna aliyetuambia kwamba mtoto wa darasa la kwanza akipita karibu na pua ya basi, dereva aliye kitini hamwoni kabisa.

Nilichokiona mimi ni utovu wa adabu. Mtu mzima amewaleta kwenye jua na vumbi lote lile, wao wanaruka chini na kukimbia, hata asante hawana! Nikapiga marufuku. Mlango wa basi ulikuwa kushoto na dereva anakaa kulia. Nikaamuru kila anayeshuka azunguke mbele ya gari, afike dirishani kwa dereva, apige goti kidogo, aseme, "Asante anko, kwaheri." Kuaga kwa kupayuka kutoka mlangoni nilikataa katakata. Wazazi walinisifu sana. Dereva naye aliona haya mwanzoni, kisha akazoea.

"Matroni," aliniambia siku moja, "hawa watoto wako watanifanya nijione waziri."

Mchana mmoja tulisimama Miyuji. Walishuka watatu. Wawili nikawasikia wakiaga dirishani. Wa tatu, binti wa darasa la kwanza, alikuwa amechelewa kidogo kwa sababu chupa yake ya maji ilimponyoka pale chini mlangoni. Kawaida nilikuwa nashuka nao. Siku hiyo wavulana wawili wa nyuma walikuwa wanagombania kifutio, nikageuka kuwakaripia, na huku nikiwakaripia nikapiga bati la basi mara mbili kwa kiganja. Ndiyo ilikuwa ishara yetu ya kuondoka. Sikuangalia. Nilipiga tu.

Jamani, basi halikwenda hata hatua tano. Dereva alisikia kitu, akakanyaga breki, akashuka, akaenda mbele, akakaa chini kwenye vumbi na mikono kichwani. Mtoto alikuwa amekwisha kata roho. Nilimfunika kwa khanga yangu, nikapiga mayowe hadi sauti ikakauka.

Trafiki alipofika aliniuliza mimi kwanza, kwa kuwa dereva alikuwa hawezi kuongea.

"Mtoto alikuwa anafanya nini mbele ya gari?"

"Sijui, afande," nikasema.

Dereva aliinua kichwa, akanitazama. Alipoulizwa yeye, alisema, "Sikumwona." Basi. Hakunitaja mimi wala kiganja changu. Mahakamani nilirudia sijui yangu, naye akarudia sikumwona yake, wakamfunga. Mimi nikaenda nyumbani, nikala, nikalala. Aibu iliyoje, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kazi niliacha, ila ile sijui haikuniacha. Baada ya mwaka mzima nilikwenda kwa mama wa yule binti. Alikuwa karani serikalini, na nilimkuta nyumbani kwake anachambua mchele kwenye ungo. Akanikaribisha kiti, nikakikataa. Nilisema yote nimesimama: amri yangu, kifutio, bati. Nilisema haraka haraka nisije nikakosa ujasiri katikati.

Aliendelea kuchambua.

"Kuhusu kuzunguka mbele ya gari nilijua," akasema. "Alikuwa akinionyesha hapa sebuleni kila jioni. Mimi ndiye dereva. Anazunguka meza, anapiga goti, ananiaga."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia.

"Mahakamani nilikaa nyuma yako, matroni. Nilingoja useme."

Hapo ukali wangu ukanipanda, Mungu anisamehe, katikati ya machozi. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini hakusimama akasema yeye, yule baba wa watu asifungwe?

Mikono yake ikatulia juu ya ungo.

"Ningesema nini?" akaniuliza. "Kwamba kila akimaliza nilikuwa nampigia makofi?"