Siku Niliyopimwa Macho Mbele ya Mkwe Wangu

Chekeni mkitaka, Oyugis nzima ilishacheka, lakini mimi nikiikumbuka siku ile damu bado inachemka, maana aibu niliibeba mimi na kosa lilikuwa la wengine, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia pole.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Macho yangu yalianza kuniibia. Kila nikimtazama mtu, pale katikati ninaona moshi tu. Masikio yapo, kofia ipo, uso hakuna. Kulikuwa na madaktari wa macho waliokuja Homa Bay kwa muda, wakaazima ukumbi wa kanisa, na wakaniambia ni uzee, umekula katikati ya jicho ukaacha pembeni. Wakanipa dawa ya matone, wakasema ni ya kujaribu tu, nirudi mvua zikiisha nipimwe ijulikane kama imesaidia.

Sasa mwanangu Odhiambo akaja na maneno yake.

"Mama, hawa wakisema hauoni, hiyo kibanda ya omena utaachia bibi yangu. Utakaa tu nyumbani, upumzike."

Nipumzike! Kibanda kile nilikijenga mimi nilipofiwa na mume, na omena zile, dagaa wa ziwani, ndizo zilizomsomesha yeye mpaka akajua kuniambia nipumzike.

Siku ya kupimwa, binti yangu Atieno ndiye angenipeleka, lakini mtoto wake aliamka na homa, akasema mumewe, Okeyo, atanisindikiza. Nikakubali. (Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, lakini ningejuaje?) Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani wala hawatazamani usoni, sembuse kugusana, wakikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka chake. Basi Okeyo akakaa mbele ya basi, mimi nyuma kabisa, na tulipofika yeye akabaki nje mlangoni, kijana wa heshima, mimi nikaingia.

Ukutani walitundika karatasi yenye alama zenye umbo la uma wa meno matatu, kubwa juu na ndogo chini, nawe unaonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Aliyepima alikuwa dresa mmoja, mhudumu wa hospitali, mtu wa pwani, Kiswahili chake kama kanzu iliyopigwa pasi, na mila zetu hajui hata moja. Msaidizi wake alikuwa amekwenda kula. Akachungulia nje.

"Wewe kijana mrefu, ndiwe uliyemleta bibi huyu? Njoo ushike fimbo, umwonyeshe alama."

Okeyo alitaka kukataa, lakini mtu mwenye koti jeupe unamkataliaje? Akaja akasimama kando ya karatasi. Mimi nikafanya kama mwanamke yeyote aliyelelewa vizuri, nikageuza uso nikatazama dirisha. Na jamani, nilipogeuka tu, alama zote zikanijia kwenye kona ya jicho! Juu, chini, kushoto, kulia, nikaonyesha mpaka zile ndogo ndogo.

"Dawa imefanya kazi!" dresa akapiga kelele. "Daktari, njoo uone!"

Watu kwenye mabenchi wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Dawa gani? Kutazama kwa kona nilijifundisha mwenyewe pale sokoni, hata kabla ya tone la kwanza. Nikafungua mdomo niseme, nani alinisikiliza? Daktari akaja, akaniangalia, akasema nirudie nikitazama mbele.

"Siwezi," nikamwambia dresa. "Huyo ni ora yangu, bwana ya msichana yangu."

"Mimi napima macho, bibi, sipimi ukoo."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili akakinyoosha! Kichwa changu, mimi, mama wa watu! Moshi ukajaa, karatasi ikapotea, Okeyo akapotea.

"Sasa sioni kitu."

"Basi sogea, uiguse alama kwa kidole."

Kwa hasira nikasogea, kidole mbele. Okeyo maskini hakujua akimbilie kulia au kushoto, akaganda. Kidole changu kikaingia mahali penye joto, tena palipokuwa panapumua. Kilikuwa puani mwa mkwe wangu.

"Yawa!" ukumbi mzima ukalia. Fimbo ikaanguka, na kwa kuwa mlango ulijaa watu, Okeyo aliruka nje kupitia dirishani. Dresa yule yule akamgeukia daktari, hata haya hana, akasema, "Dawa imeshindwa. Haoni."

Mbuzi wa kuondoa mkosi alitoka zizini kwangu, si kwa dresa. Na Odhiambo akampa mkewe kibanda.

Siku ya soko nikaenda hivyo hivyo, nikakaa nyuma ya mke wa mwanangu, nimegeukia barabara kama mtu aliyenuna (na nilikuwa nimenuna). Mteja mmoja akalipia mkebe mmoja, kisha akachota konzi nyingine akaitia kikapuni.

"Wewe wa leso ya njano," nikasema bila kugeuka, "rudisha omena yangu."

Mke wa mwanangu, na macho yake mazima mawili, hakuwa ameona kitu. Odhiambo akasikia, na jioni ile nilikuwa nimerudi kwenye kigoda changu.

Basi nimeapa, hakuna tena atakayenishika kichwa. Anayetaka kujua kama dawa imenisaidia aniulize kwanza ninataka kuona nini, maana siku ile hakuna aliyeuliza. Okeyo ninamwona vizuri kabisa, kwa sababu mila inataka nigeuze uso pembeni nisimtazame. Ni Atieno, mtoto wa tumbo langu, ambaye akija akaketi mbele yangu namtazama, na uso haupo. Ndipo ninageukia ukutani ili nimwone, naye anafikiri bado nina hasira na mumewe.