Mashine Isiyotaka Mtu

Wallahi nawaambia, hadi leo najifunika uso kwa leso. Mjukuu wangu Mwanaisha alikuwa kwenye majaribio ya kazi, bohari moja huko Changamwe, nikampelekea wali. Akaniacha chumba cha kompyuta, akaenda kunawa. Mashine inavuma, taa zinapepesa, na mbele yake hakuna mtu! Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Stima inaliwa bure, kesho atalaumiwa mtoto wangu. Nikazima swichi ukutani.

Bosi akaingia mbio. "Nani amezima?"

"Mimi, baba. Ilikuwa haina mtu."

Akashika kichwa. "Mama, hiyo haitaki mtu! Ilikuwa inapanga kumbukumbu za mizigo yote, yenyewe, kimyakimya. Umeikata katikati! Nani amekuingiza humu?"

Mwanaisha yuko mlangoni, mikono yachuruzika maji. Nami, ninayejisifu kwa mjukuu huyu Likoni nzima, nikasema, "Nimeingia mwenyewe. Binti huyu simjui."

"Bibi!" Mwanaisha akaropoka.

Bosi akatutazama, yeye, kisha mimi. "Mwanaisha, iwashe ianze upya," akasema. Halafu akanigeukia. "Nawe mama, hata asingekuita, pua zenu ni moja."