Abiria wa Pili wa Chumba cha Doña Provi

Providencia Maisonet, ambaye kwa heshima sote tulimwita Doña Provi, alipika katika jiko la shule ya msingi ya hapa kwetu Cataño tangu akiwa msichana mpaka nywele zikaota mvi. Nusu ya mtaa huu, mimi nikiwemo, tumekulia wali wake wa mbaazi. Alipostaafu watu walimuuliza sasa anataka nini, na yeye hakutaja nyumba wala gari. Alisema, "Nataka wiki moja nikae mezani kama malkia, niletewe chakula, na sahani nisioshe mimi, aoshe mwingine."

Akataka kupanda meli ya kitalii, zile zinazotoka San Juan ng'ambo ya ghuba, zikazunguka visiwa na kurudi. Mumewe alikuwa amefariki zamani, na watoto hawakujaliwa. Kusafiri peke yake hakukumtisha hata kidogo. Kilichomtoa jasho ni bei.

Aliyemfumbua macho ni Yamilette, wakala wa safari mwenye kiofisi kando ya duka la mikate.

"Doña Provi, chumba cha melini kina vitanda viwili. Ukilala mmoja, unalipia vyote."

"Hata kile nisichokigusa?"

"Hata usichokitazama. Halafu ofa ya msimu huu ni ya watu wawili. Wa pili analipa nusu, na kila mmoja anawekewa salio la bure la kutumia humo humo melini, kwa vinywaji, kukandwa mgongo, matembezi ya visiwani. Msafiri wa peke yake haambulii kitu."

"Ina maana watu wawili ni rahisi kuliko mtu mmoja?"

"Ndiyo hivyo. Si mimi niliyezitunga bei hizo, mama. Tafuta mwenzio. Ila mwenzio akijitoa dakika za mwisho, ofa imekufa, na wewe utadaiwa bei ya mtu mmoja."

Mwenzio wa kumtafuta alikuwa mmoja tu, mdogo wake Nereida. Na Nereida anaogopa maji kama paka. Sisi sote tukienda San Juan tunapanda boti, tunafika kabla soda haijaisha. Yeye huzunguka ghuba nzima kwa gari, na foleni zote zile, ili asione maji chini ya miguu yake. Provi alimbembeleza tangu Krismasi hadi Pasaka.

"Utalala chumba kisicho na dirisha," alimwambia. "Bahari hutaiona."

"Nisipoiona ndiyo itakuwa imeondoka?"

"Nereida, dada yako nimezeeka. Lini tena?"

Nereida akakubali. Siku ya safari akatokea amevaa gauni la njano, midomo imekauka, rozari imemzunguka kiganja. Walipigwa picha, wakapewa kila mtu kadi yake, wakapanda daraja. Mlangoni mwa meli mashine ililia kwa kadi ya Provi, ikalia kwa kadi ya Nereida, na mhudumu akawaambia karibuni. Nereida akaweka mguu ndani. Sakafu ikanesa kidogo tu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Sendi," akasema.

"Umeshafika, mwanamke!"

"Sendi, Provi. Nitakufa." Akamsukumia kadi mkononi. "Nenda. Kula na sehemu yangu."

Wakati huo walikuwa wakiingizwa wazee kwa viti vya magurudumu, na walinzi wote walikuwa wameinama kuwasaidia. Gauni la njano likapita katikati yao, likateremka daraja, likapotea. Hakuna mashine iliyolia.

Provi alisimama pale na kadi mbili. Alikuwa na nafasi ya kusema. Kulikuwa na mhudumu hatua chache tu, kijana mwenye uso mwema. Lakini maneno ya Yamilette yalimrudia, na akiba yake yote ilikuwa imeshakwisha. Akasema moyoni, nitasema kesho. Akaingia ndani, na mlango wa meli ukafungwa.

Kesho yake hakusema. Mhudumu wa vyumba vya upande ule alikuwa Mhonduras mmoja wa La Ceiba, Osmín, mcheshi, anayeimba akitandika. Alibisha hodi.

"Habari za asubuhi, Doña. Na mwenzako yuko wapi, sijamwona?"

"Amelala," Provi akajibu. "Bahari imemshika tumbo."

"Masikini. Nitamletea tufaha la kijani na biskuti kavu."

Akaleta. Akaleta tena mchana, na jioni, na kila alipoleta aliuliza hali ya mgonjwa. Provi akawa kila alfajiri analivuruga shuka la kitanda cha pili, anabonyeza mto kwa kichwa chake, analoanisha taulo mbili. Chakula cha mgonjwa alikila yeye mwenyewe, kwa kuwa aliyepika miaka yote ile hawezi kutupa chakula, na kila tonge lilishuka kama changarawe. Ile meza aliyoiota hakuionja. Ukumbi ulikuwa na watu wa kumpakulia, lakini mhudumu akielekeza jicho kwenye kiti kitupu mbele yake, Provi aliweka uma chini akaondoka. Ile zawadi ya ofa aliyoifuatia mbio vile hakuitumia. Alikwenda mara moja kwenye kaunta ya kahawa, akatoa kadi, akaona binti wa kaunta anasoma kitu kwenye kioo.

"Mna salio zuri, wewe na Bi Nereida," binti akasema. "Yeye atakunywa nini?"

Provi akaondoka bila kahawa.

Alianza kuogopa kila kitu. Akisikia viatu kwenye korido, ndio wanakuja. Tangazo likisomwa kwenye vipaza sauti, ndilo jina lake. Alijiuliza kama ni jela, kama watamshusha kisiwa asichokijua, kama picha yake itatoka kwenye gazeti, mpishi wa watoto wa shule, mwongo. Alisali, na katikati ya sala akaona haya, maana alikuwa akimwomba Mungu amsaidie kuficha.

Meli ilikuwa imetoka Saint Lucia, mchana wa jua kali, Provi amejikalia juu penye upepo, ndipo king'ora kilipolia. Si kile cha mazoezi. Kililia na hakikunyamaza. Harufu ya moshi ikaja, chachu, ya nguo zinazoungua. Moto ulikuwa umeanza kwenye chumba cha kufulia, sakafu ile ile ya vyumba visivyo na madirisha.

Watu walikimbilia vituo vyao vya kukusanyikia. Watoto walilia, mzee mmoja alikuwa na povu la kunyolea upande mmoja wa uso. Provi alivalishwa jaketi la kuokolea, akasimama kwenye mstari, na ofisa mwanamke mwenye sauti ya ualimu akapita akigusa kadi za watu kwa mashine ndogo. Kadi ya Provi ikalia. Ofisa akatazama kioo.

"Mwenzako wa chumba?"

Mkono wa Provi ulikuwa ndani ya mkoba, umeishika kadi ya pili. Baadaye aliniambia kwamba kwa dakika ile aliwaza kuitoa tu, ilie, mambo yaishe. Lakini kadi ikilia, kwenye kioo hutokea picha ya mwenyewe, na Nereida hakuwepo kwenye mstari.

"Yuko wapi, mama? Tafadhali, haraka."

Provi akaisukuma kadi chini kabisa ya mkoba. Na hapo vipaza sauti vya meli nzima vikaanza kuita: Nereida Maisonet. Nereida Maisonet, nenda kituo chako. Jina alilopewa na mama yao, likiita ndani ya moshi, tena na tena.

Osmín alikuwa kwenye mstari wa pili, akiwafungia watu mikanda ya majaketi. Alisikia. Akageuka, akamwona Provi peke yake, na uso wake ukabadilika.

"Mgonjwa!" akapiga kelele. "Yuko kitandani! Hajatoka tangu San Juan!"

"Osmín, rudi!" ofisa akaita. Lakini Osmín alikuwa ameshafunika pua kwa taulo na kushuka ngazi.

Provi aliona ule mgongo unashuka, moshi ukaufunika kama maji yanavyofunika jiwe.

"Hakuna mtu!" akalia. "Hakuna mtu mle! Mdogo wangu hakupanda! Yuko nyumbani, yuko nyumbani Cataño! Mrudisheni yule mtoto wa watu!"

Watu wote wakamgeukia. Ofisa alimkazia macho kwa nukta moja, kisha akaongea kwenye redio ya mkononi. Akamwita Osmín. Redio ikakoroma. Akamwita tena. Ikakoroma tu.

Provi alitaka kuzifuata ngazi, wakamshika. Alikaa chini kwenye mbao, na jaketi lile la rangi ya machungwa likampanda hadi masikioni. Hakusali, kwa sababu alihisi hana uso wa kumwelekea yeyote. Aliangalia ule mlango wa ngazi. Wazima moto wa meli walishuka na vinyago vyao. Moshi ulikuwa mweusi, ukawa wa kijivu. Mwanamke wa jirani, mgeni asiyemjua, alimsonya, akamuuliza, "Kwa ajili ya nini, mama? Kwa ajili ya nini?" Provi hakuweza hata kumwambia kwamba ilikuwa kwa ajili ya bei ya kitanda.

Walimtoa Osmín kwa kumbeba. Macho yalikuwa yamevimba, kiganja cha kulia kimebabuka kwa kushika kitasa cha mlango. Alikuwa anakohoa, na aliyekohoa alikuwa hai. Provi alisikia kile kikohozi akatokwa na mkojo pale pale alipokaa, na hakuona aibu.

Moto ulizimwa kabla ya jua kutua. Wakamwita Provi ofisini kwa wakubwa wa meli. Hawakumfokea, na hilo lilimtisha zaidi. Wakamwambia ofa imefutwa, masalio yote mawili yamefutwa, atalipa tofauti kama msafiri wa peke yake, na meli za kampuni ile asizikanyage tena. Akasema ndiyo kwa kila jambo. Akaomba kitu kimoja tu, aende zahanati.

Osmín alikuwa amelala na mkono wake umefungwa. Alipomwona hakutabasamu.

"Nimetafuta mpaka chini ya kitanda," akasema. Sauti yake ilikuwa kama ya mzee. "Nilishika kitanda nikakuta mto una shimo la kichwa. Nikajua yupo, ametambaa mahali. Ningetoka mapema, lakini ule mto."

"Mwanangu, nisamehe."

"Nina mabinti wawili, Doña."

"Nisamehe."

"Niache nilale," akasema, akageukia ukutani.

Siku zilizobaki alizimaliza chumbani, kitanda kimoja kimetandikwa, mhudumu mwingine akija na kuondoka bila neno.

Waliporudi San Juan, Provi aliteremka daraja wa mwisho, ili asitazamane na watu. Chini kabisa, kando ya mizigo, Osmín alikuwa amesimama. Mkono ulikuwa bado umefungwa, kwa hiyo hakupewa kazi ila kuelekeza watu njia. Provi alitaka kupita ameinamisha kichwa.

"Doña," Osmín akamwita. "Niambie ukweli. Huyo dada yuko kweli? Maana nikifumba macho namwona mle ndani."

Provi akatazama ng'ambo ya uzio, penye umati wa wanaopokea watu. "Yule pale. Mnene, mwenye mwavuli, anayegombana na mlinzi."

Nereida alikuwa anagombana kweli, anataka kuruhusiwa kusogea, lakini si karibu sana na maji. Alipomwona dada yake aliachana na mlinzi akapunga mkono kwa nguvu zote. Osmín alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Kisha akauinua mkono wake mzima, akampungia.

"Anaonekana ana afya," akasema.

"Anayo."

"Haya. Nenda, anakungoja."

Nereida alipomkumbatia alihisi dada yake anatetemeka mwili mzima, akadhani ni kichefuchefu cha bahari. Akamkalisha kwenye benchi, akamnunulia chupa ya malta baridi, kile kinywaji cha kimea, akamfungulia.

"Na yule kijana aliyenipungia ni nani?" akauliza. "Ananijua?"

Provi aliiweka chupa kando bila kuinywa.

"Kaa," akasema. "Kaa hapa karibu nami, nikuambie."